Kabla ya Kulipia Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Panga Sahani Yako

Mwezi huu mmeniandikia sana kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito. Mmoja anajiandaa kwenda India. Mwingine ameshapangiwa tarehe hapa hapa nyumbani. Wengi mnataka kujua bei, na kama kidonda kinauma. Kisha kuna mama mmoja ambaye binti yake ametoka hospitali juzi, akaniandikia: "Dada, mwanangu amerudi, mimi sijui nimpikie nini."

Leo nakaa na swali la huyo mama, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache na anayeufanya ni daktari. Chakula utakishughulikia mwenyewe kila siku, mpaka mwisho wa maisha yako. Ukiharibu upande huo, utapungua kweli, lakini utapungua huku mifupa, damu na mishipa ya fahamu vikidhoofika.

Niseme jambo moja kwanza kwa wale wanaowacheka wenzao. Unene uliopitiliza ni ugonjwa. Mtu mwenye kisukari, presha na magoti yasiyombeba tena, aliyejaribu kila njia akashindwa, hajakimbilia kisu kwa uvivu. Msimsimange. Mwenye kufikia uamuzi huo anahitaji watu wa kumsaidia.

Ndani ya tumbo kunafanyika nini?

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unaobaki ukawa mwembamba kama ndizi. Aina ya pili ni baipasi. Hapo hutengenezwa kifuko kidogo sehemu ya juu, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani. Utumbo mdogo huletwa ukaunganishwa na kifuko hicho, na chakula kikawa hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo.

Sasa sikiliza vizuri. Mwanzo huo wa utumbo ndipo mwili unapofyonza sehemu kubwa ya madini ya chuma na kalsiamu. Mfuko wa chakula nao ndio unaotoa asidi, pamoja na kitu kinachouwezesha mwili kupokea vitamini B12. Kwa hiyo unakula kidogo, na hicho kidogo hakifyonzwi chote. Ndiyo maana mtu aliyefanyiwa upasuaji huu hawezi kula kwa kubahatisha.

Wapo pia waliowekewa puto tumboni, huduma ambayo kwa Tanzania hutolewa Hospitali ya Mloganzila. Puto si upasuaji, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Lakini nao wanahitaji mtaalamu wa lishe, maana puto likishatoka, kinachobaki ni mazoea ya kula uliyojijengea.

Kabla ya siku yenyewe

Lishe huanza kabla hujapanda kitandani. Omba upimwe damu: wingi wa damu, madini ya chuma, B12, vitamini D, na sukari. Usidhani mtu mnene ana akiba ya kila kitu. Wengi wao wamekula wanga na mafuta kwa miaka, huku mwili ukikosa madini na vitamini. Upungufu ukionekana mapema, hutibiwa mapema.

Halafu kuna zile wiki mbili kabla ya upasuaji, ambapo hospitali nyingi humpa mgonjwa chakula maalumu chenye wanga na mafuta kidogo. Sababu yake ni ini. Mtu mwenye unene mkubwa mara nyingi ana ini lililojaa mafuta na kuvimba, na ini hilo limeufunika mfuko wa chakula. Daktari lazima alinyanyue ndipo apate nafasi ya kufanya kazi. Ukipunguza ugali, wali, chapati na sukari kwa siku hizo, ini hupungua na upasuaji huwa salama zaidi. Kwa hiyo mdogo wangu, ile karamu ya kuaga pilau na nyama choma usiifanye. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usianze chakula hicho kabla daktari hajakurekebishia dozi, maana sukari inaweza kushuka vibaya. Sigara nayo iache mapema. Inachelewesha kupona na kuleta vidonda tumboni.

Wiki za kwanza

Mama uliyeniandikia, hapa ndipo pako. Chakula hurudi kwa hatua, na kila hospitali ina karatasi yake. Karatasi ya hospitali yenu ndiyo mtakayoifuata. Kwa kawaida siku moja au mbili za kwanza ni vimiminika vyepesi: maji na mchuzi uliochujwa. Kisha, mpaka kufikia wiki ya pili hivi, huja vimiminika vyenye lishe: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi mwepesi usiotiwa sukari, supu iliyosagwa ikachujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichopondwa kikawa laini kabisa. Wiki ya tano na ya sita ni chakula laini cha kutafuna. Baada ya hapo ndipo mtu huanza kurudi taratibu kwenye chakula cha familia.

Nikueleze mlo mmoja wa wiki ya tatu jinsi unavyoandaliwa. Chukua kipande cha samaki mweupe, changu au sangara, ukichemshe kwa maji, kitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Kitoe, kiache kipoe, kisha kipapase kwa vidole kipande kwa kipande mpaka uhakikishe hakuna mwiba hata mmoja. Kiponde kwa uma, ukiongeza mchuzi wake kijiko kimoja kimoja, kiwe uji mzito. Pakua vijiko vitatu au vinne kwenye kisosi, si kwenye sahani. Mpe kijiko cha chai, si kijiko kikubwa. Aweke kidogo mdomoni, ameze, apumzike, ndipo achukue kingine. Mlo huo uchukue dakika 20 hadi 30. Akisema ameshiba baada ya vijiko viwili, mwache. Usimwambie "malizia mwanangu, umekula nini hapo?" Kijiko kimoja cha kulazimishwa kinaweza kumletea maumivu ya kifua na kumtapisha.

Kuna vyakula viwili ambavyo sisi huvipa sifa kuliko vinavyostahili. Cha kwanza ni supu ya mifupa. Inapasha mwili joto na inaleta maji na chumvi, lakini protini yake ni ndogo. Haiwezi kuwa mlo wa mgonjwa huyu kutwa nzima. Cha pili ni uji wa lishe. Sehemu yake kubwa ni wanga, na sisi tunautia sukari mpaka unanata. Akinywa kikombe cha uji huo, nafasi ya maziwa, yai na samaki imekwisha.

Protini kwanza

Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu anahitaji angalau gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Asipozipata, mwili utaanza kula misuli yake wenyewe: miguu inalegea, nywele zinakatika zaidi, kidonda kinachelewa kupona. Ndiyo maana kila mlo unaanza na protini, kisha mboga, na wanga mwisho kabisa, kama nafasi bado ipo.

Wengine mnaniambia unga wa protini wa dukani ni ghali. Ni kweli, na katika majuma ya vimiminika huwa unasaidia sana. Lakini ukishafika kwenye chakula kigumu, jikoni kwetu hakuna upungufu. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa, robo lita, gramu 8. Kipande cha samaki au kuku kilichopikwa chenye gramu 60 kinakupa kati ya gramu 13 na 18. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kinakaribia gramu 7. Dagaa wakavu wakisagwa wakawa unga, kijiko kimoja ndani ya mboga kinaongeza protini na kalsiamu. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, vijiko viwili vikikorogwa ndani ya kikombe cha maziwa ya kawaida, vinakiongezea nguvu bila kuongeza ujazo.

Tuhesabu siku moja ya mtu aliyekwisha kupona. Asubuhi yai na kikombe cha maziwa, gramu 14. Saa nne mtindi robo lita, 8. Mchana samaki wa gramu 60, kama 14. Alasiri maziwa yaliyoongezwa maziwa ya unga, kama 12. Usiku kuku wa gramu 60, kama 16. Jumla 64, na bado hujagusa maharage. Inawezekana, lakini inataka mpango. Kama maziwa yanakuharisha, jambo ambalo huwapata wengine baada ya upasuaji, jaribu mtindi au maziwa mgando.

Kunywa na kula havikutani

Maji lita moja na nusu kwa siku, kwa uchache. Yanywe kidogo kidogo, funda baada ya funda, tangu unapoamka. Lakini usinywe ukiwa unakula, na ukimaliza kula subiri dakika 30. Maji yakiingia pamoja na chakula, hujaza nafasi ndogo iliyopo, na pia husukuma chakula kishuke haraka, ukasikia njaa mapema.

Soda, juisi, vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu na chai yenye sukari nyingi, achana navyo. Hasa aliyefanyiwa baipasi. Sukari ikifika kwenye utumbo kwa kishindo, ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, unaharisha, unatamani kulala chini. Madaktari huita hali hiyo dampingi. Kuna nyingine huja saa moja hadi tatu baada ya kula, ambapo sukari ya damu hushuka, mtu akatetemeka na kuona kizunguzungu. Ukiona hayo, andika ulichokula na mpelekee mtaalamu wako wa lishe.

Pombe nayo ina hatari mpya. Baada ya upasuaji huingia kwenye damu haraka na kwa wingi, na wapo walioingia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao zamani.

Vidonge vya maisha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka wa kwanza mtu anameza vidonge vyake vizuri. Mwaka wa pili amependeza, nguo zimekaa, anajiona amepona, anaacha. Athari hazitokei kesho yake. B12 inaweza kuchukua miaka kuisha mwilini, na ikiisha ganzi huanza miguuni, kumbukumbu ikapungua.

Kwa kawaida utahitaji hivi: vitamini na madini ya mchanganyiko kila siku, ya kiwango kilichopangwa kwa ajili ya watu wa upasuaji huu, B12, ama kidonge cha kila siku ama sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, vitamini D, mara nyingi yuniti 3000 kwa siku, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500, ikigawanywa mara mbili au tatu maana mwili haupokei nyingi kwa mkupuo, na madini ya chuma, miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi au mtu wa baipasi. Dozi yako wewe ataiandika daktari kulingana na vipimo vyako.

Mpangilio wa saa nao una maana. Chuma na kalsiamu vinagombana, vitenganishe kwa saa mbili au zaidi. Chai nayo inazuia chuma kufyonzwa, na chai ya maziwa inazuia kwa pande zote mbili. Kwa hiyo ukimeza chuma asubuhi, chai yako isogeze mbele. Wengi hupata nafuu wakimeza chuma usiku na kalsiamu mchana.

Vipimo vya damu hufanywa miezi mitatu, miezi sita na mwaka mmoja baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Kila mwaka, hata ukijisikia mzima.

Dalili zisizosubiri kesho

Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au kushindwa kupumua vizuri katika siku na wiki za mwanzo: rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Na kutapika. Mdogo wangu, kutapika siku mbili tatu mfululizo usikuone ni jambo la kawaida la upasuaji. Vitamini B1 haina akiba kubwa mwilini, ndani ya wiki chache inaweza kuisha. Ikiisha, mtu anaona vitu viwili viwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Asipotibiwa haraka, ubongo unaweza kupata madhara ya kudumu. Ukifika hospitali yoyote, hata ya wilaya, sema waziwazi: "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, natapika, naomba nipewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari." Sentensi hiyo iandike kwenye simu yako, na mwenzako nyumbani aijue.

Maumivu ya kichwa au mgongo nayo yasikupeleke duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huleta vidonda tumboni, na kwa mtu wa baipasi ni hatari zaidi. Muombe mwenye duka parasetamoli, na umweleze sababu.

Kwa wanawake

Uzito ukipungua, uwezo wa kupata mimba huongezeka, hata kwa aliyehangaika miaka mingi. Ni habari njema, lakini mimba isubiri miezi 12 hadi 18, mpaka mwili utulie na damu yako ipimwe. Na usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi, kwa sababu huenda visifyonzwe vizuri. Zungumza na mtoa huduma kuhusu kijiti au kitanzi. Ukipata mimba, mweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza kwamba ulifanyiwa upasuaji huu, kwa sababu vitamini zako zitahitaji kupangwa upya.

Nywele zikikatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji, usilie. Hutokea kwa wengi na kwa kawaida huota tena, mradi protini na madini ya chuma havipungui.

Watu wa nyumbani

Kwetu chakula ni heshima. Ukienda ukweni wanakupakulia mlima, harusini mnakula sinia moja, msibani mnagawiana ubwabwa. Kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, basi omba kisahani chako bila aibu. Sema, "Shikamoo mama, chakula kizuri, daktari amenipa kipimo." Inatosha.

Na jiandae kwa minong'ono. Ukipungua kwa kasi, wapo watakaosema una virusi, wapo watakaosema umerogwa. Amua mapema nani utamwambia ukweli wote na nani utamjibu kwa kifupi. Lakini mume, mke au yule mnayekula naye asifichwe. Anayepika nyumbani anapaswa kuja nawe kwa mtaalamu wa lishe angalau mara moja, asikie kwa masikio yake.

Waislamu mmeniuliza kuhusu Ramadhani. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji madaktari wengi hushauri usifunge, kwa sababu saa za kufuturu hadi daku hazitoshi kufikisha maji na protini unayohitaji. Nenda kwa daktari mapema, kisha kwa shekhe wako ukiwa na maneno ya daktari. Dini ina ruhusa kwa mgonjwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Nani atakuwa mtaalamu wangu wa lishe, na nitamwona mara ngapi? Vipimo vya kila mwaka nitavifanyia wapi? Vitamini zangu ni kiasi gani kwa mwezi, na zinapatikana mji ninaoishi? Bima yangu inalipia nini? Nikitapika usiku wa manane, nampigia nani?

Unayekwenda nje ya nchi, usirudi bila ripoti iliyoandikwa aina ya upasuaji uliofanyiwa, dawa na dozi zake. Na kabla hujapanda ndege, tafuta daktari wa hapa nyumbani atakayekubali kukufuatilia. Daktari aliye mbali hawezi kukuchoma sindano ya B12.

Mdogo wangu, kama majibu ya maswali hayo unayo, nenda kwa moyo mkunjufu. Upasuaji huu umewarudishia wengi afya zao, kisukari kikatulia, magoti yakapata nafuu. Kama huna majibu, ahirisha. Anayekuuzia upasuaji bila kukupa mtaalamu wa lishe amekuuzia nusu ya matibabu, na pesa yako usimpe.